Pesa ya Yaya, Mashini ya Gemu

Barua

Mama mshauri, jambo.

Mimi ni kijana wa miaka 24, nakaa Katuba, niko mwaka wa mwisho wa masomo ya ujenzi hapa Lubumbashi. Asubuhi niko masomoni, na alasiri nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Nilikuwa na laptopu ya zamani. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi ulirudi na nguvu ya ajabu, mashini ikatoa harufu na haikuwaka tena. Fundi alisema bodi imeungua, nisipoteze pesa.

Sasa ninazo dola 560. Kati ya hizo, 380 ni zangu, nimeziweka kidogo kidogo. Zile 180 alinipa yaya yangu, dada yetu mkubwa, alipofikiwa na zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa kuchangishana pesa kwa zamu. Yaya anauza vitenge, anaenda mwenyewe Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kufuata mali, na tangu baba afariki ndiye anayenilipia masomo. Alinihesabia noti mezani akasema, "Hii ni ya mashini ya kumalizia masomo. Mwaka huu umalize." Hakusema lingine.

Shida yangu, Mama, napenda gemu. Mpira zaidi, halafu mbio za magari. Nikitoka kibandani jioni napita kwenye chumba cha PlayStation cha mtaani kwetu, pale unalipa kwa mechi. Nikishindwa nataka kulipiza, nikishinda nataka kuendelea, na pesa ya mkate inaishia pale. Nikawaza kwamba nikinunua mashini moja yenye nguvu nitafanya kazi ya masomo, nitacheza nyumbani, na sitamlipa mtu tena.

Mjini nimeona mashini mbili. Ya kwanza ni okazio, yaani imeshatumika, kutoka Dubai. Ina prosesa (akili ya mashini) ya Core i7, kadi ya grafiki ya kutoa picha, GTX 1650, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8, SSD (diski ya kuhifadhi) ya GB 256. Wanataka dola 530 na garanti ni wiki mbili. Betri yake haikai sana, na vitufe vyake vina herufi za Kiarabu. Ya pili ni mpya, iko ndani ya kartoni, Core i5, RAM ya GB 8, SSD ya GB 512, haina kadi yake ya grafiki, garanti mwaka mzima, dola 450. Muuzaji ananiambia nisiwe mjinga, i7 haiwezi kulingana na i5. Tena nina binamu anayeendesha lori la kwenda Dar es Salaam, anasema kule ataipata kwa bei ya chini, lakini safari zake huwezi kuzijua, anaweza kukwama mpakani hata wiki.

Yaya akiuliza kwa nini nimelipa 530, nimepanga kumwambia kwamba sisi watu wa ujenzi tunahitaji mashini kubwa kwa ajili ya michoro ya 3D. Si uongo kabisa, Mama. Lakini kila nikijizoeza kuyasema yale maneno nasikia aibu. Rafiki yangu ananicheka, anasema pesa ukishapewa ni yako. Mimi naona yeye hakulelewa na yaya wangu.

Nichukue ipi? Na nimwambie nini? Muuzaji anataka avansi, malipo ya kutangulia, ya dola 100 kabla ya Jumamosi, la sivyo ile okazio anampa mtu mwingine. Nimpe?

Mimi mdogo wa Yaya, Katuba

Jibu

Mdogo wa Yaya, jambo na wewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza kuhusu mashini, lakini kinachokunyima raha ni dola 180 zilizohesabiwa mezani. Naona mambo mawili yamefungwa kwenye mfuko mmoja. Kuna kifaa unachokihitaji ili umalize masomo, na kuna starehe unayoipenda lakini unaionea haya. Muuzaji amekuonyesha kitu kimoja anachosema kitamaliza yote mawili, na wewe umeanza kutafuta maneno ya kukipitisha mbele ya dada yako.

Niruhusu nikuulize kwanza hili. Ni wapi yaya alipokwambia kwamba hataki ucheze? Katika barua yote sikuona. Aliyesema hapana ni wewe, ukamwekea yeye mdomoni. Mwanamke anayevuka mpaka na mizigo, anayebishana na watu wa forodha, anayejua bei ya kitenge kabla hajakigusa, huyo amekulea miaka yote na hajui kwamba jioni unapita kwa PlayStation? Mtaani Katuba? Mimi nadhani anajua siku nyingi. Inawezekana amenyamaza kwa sababu hakuona ubaya, inawezekana pia amenyamaza akingoja useme mwenyewe. Unayemjua ni wewe.

Kuhusu ile sababu ya michoro, usiitupe wala usiikumbatie kabla hujaipima. Michoro ya kawaida ya nyumba, ile ya mistari na vipimo, laptopu ya kawaida inaibeba. Kadi ya grafiki inaanza kusaidia pale unapojenga umbo la 3D na kutaka kompyuta ikutolee picha yenye mwanga na vivuli. Je, kazi yako ya kumaliza inadai hivyo? Muulize mwalimu anayekusimamia. Akisema ndiyo, basi unayo sababu ya kweli na unaweza kuisema bila aibu, na la gemu ukaliongeza hapo hapo. Akisema hapana, yale maneno yatakuwa mazito kuyabeba kuliko unavyofikiri, kwa sababu mashini itakuwa chumbani kwako, na kelele za uwanja wa mpira hazifanani na kazi ya daraja.

Sasa twende kwenye mashini zenyewe. Kabla ya kukujibu nilikaa na fundi mmoja ninayemwamini, maana mimi mwenyewe haya ya kadi na prosesa nayajua kwa kuuliza.

Muuzaji anakuambia i7 inashinda i5. Hiyo ni nusu ya habari. Nyuma ya i7 kuna namba na herufi, na ndizo zinazosema umri na nguvu. Chukua Core i7-7500U ya mwaka 2016. Ina kori mbili tu, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi, na ile U ya mwisho maana yake imetengenezwa itumie umeme kidogo. Core i5-9300H ya mwaka 2019 ina kori nne, na H maana yake imejengwa kwa kazi nzito. Hapo i5 inaiacha i7 mbali. Tena kadi ya GTX 1650 ilitoka 2019. Ukisoma kwenye mashini hiyo prosesa ambayo namba yake baada ya "i7-" inaanza na 7, yaani ya kizazi cha 7, jua kuna kitu hakilingani, na umuulize akueleze. Kuna lingine pia. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, ukiacha chache sana, kizazi cha 8 kwenda juu.

Kadi yenyewe si mbaya kwa mtu wa mpira. EA Sports FC 24, kwa mfano, ilidai kwa uchache GTX 1050 Ti, RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. GTX 1650 iko juu ya hapo. Lakini itazame hiyo GB 100 vizuri. SSD ya 256 ikishabeba Windows, programu zako za kuchora na faili za masomo, gemu moja la namna hiyo linaimaliza. Na utaipataje GB 100? Kwa megabaiti za simu? Hebu piga hesabu ya bando unalonunua kwa wiki, halafu ulinganishe na mechi za pale mtaani. Utaniambia wewe ni ipi ghali.

Jambo lililonisumbua zaidi katika barua yako umelisema mwanzoni ukalipita haraka. Laptopu yako ya kwanza iliuawa na umeme. Ukilipa 530, mkononi unabaki na dola 30. Hiyo ya Dubai itachomekwa wapi? Kwenye ukuta ule ule. Kifaa cha kusawazisha umeme, kile kinachokata nguvu ikizidi, hakiko kwenye hesabu yako. RAM ya kuongeza haimo. Pasta ya kupoza prosesa na kazi ya kusafisha feni hazimo, na mashini ya gemu iliyotumika miaka kadhaa inavihitaji, sembuse hapa kwetu miezi ya kiangazi vumbi jekundu linapoingia hadi kwenye sukari. Kwa hiyo mimi ile mashini siihesabu kuwa ya dola 530. Ipigie bei upya, pamoja na vitu vya kuilinda, ndipo uone kama bado iko ndani ya mfuko wako.

Halafu kuna zamu za umeme. Unakaa Katuba, sina haja ya kukueleza. Mashini ya gemu haichezi kwa betri. Ukichomoa waya, kadi inajipunguza nguvu yenyewe na betri, hata ikiwa mpya, inakwisha haraka. Ya kwako umesema mwenyewe "haikai sana". Chaja zake mara nyingi ni za wati 120 kwenda juu, wakati laptopu ya ofisini inatosheka na 45 au 65. Kama mnatumia paneli ndogo ya jua na betri pale nyumbani, ile ya ofisini unaweza kuichaji, hii nyingine itazima taa za wote. Basi jioni umeme ukikosekana, na kazi ya mwalimu inatakiwa kesho asubuhi, utaandika kwa nini?

Usidhani kwa hayo kwamba nakusukuma kwenye ile mpya. Nayo ina yake. Garanti ya mwaka ni kitu, ikiwa duka litakuwepo mwaka mzima na karatasi itaandikwa vizuri. Muulize inafunika nini, maana bodi iliyoungua kwa umeme mara nyingi haimo. Diski yake ni kubwa mara mbili. Lakini gemu nzito itazikataa, au itazicheza kwa kukwamakwama. Hapo tena angalia kwa ndani. Kama grafiki yake, ile iliyo ndani ya prosesa, ni Intel Iris Xe, inaweza kubeba gemu za zamani na zile nyepesi, ukishusha ubora wa picha, ila inataka RAM iwe vipande viwili vinavyofanya kazi pamoja. Kikiwa kipande kimoja cha GB 8, nguvu inapungua sana, na kompyuta yenyewe inaacha kuiita Xe. Kwa hiyo uliza kama kuna nafasi ya kuongeza kipande. Na zipo prosesa za AMD zenye grafiki ya ndani iitwayo Radeon 680M au 780M ambazo ni afadhali zaidi, ingawa kwa bei yako sijui kama utaziona hapa mjini.

Kuhusu vitufe vya Kiarabu, wengi hawalifikirii hili mpaka wafike nyumbani. Kazi yako utaiandika kwa Kifaransa, na vidole vyako vimezoea AZERTY ya kibandani, ule mpangilio wa vitufe wa Kifaransa. Windows unaweza kuipanga ikubali AZERTY hata kama vitufe vimechapwa vingine, na vipo vibandiko vya herufi. Kwa anayeandika bila kuangalia vidole hakuna tatizo. Kwa anayeangalia, kurasa sitini zenye é na ç ni mateso.

Kuna njia ambayo hukuitaja, na nakuwekea mezani tu. Tenganisha mambo mawili. Laptopu ya ofisini iliyotumika, ya kampuni zinazojulikana, yenye prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sehemu ya pesa hiyo. Kinachobaki, siku za mbele, kikatafute PlayStation 4 ya okazio, kama pale nyumbani mna televisheni. Faida yake ni kwamba pesa ya yaya inaenda moja kwa moja pale alipoituma, na ya gemu inatoka mfukoni mwako bila maelezo. Hatari yake ni kwamba PlayStation sebuleni ni ya parseli nzima, yaani ua wote. Watoto wa jirani watakujua kwa jina, na umeme ukikatika hakuna betri ya kukuokoa hata dakika moja.

Ya binamu wa lori sina mengi. Dar es Salaam bei inaweza kuwa ya chini kweli. Lakini kuanzia Tunduma, mpaka wa Tanzania na Zambia, hadi Kasumbalesa ni mikono mingi, forodha ina mahesabu yake, na ikiharibika garanti imebaki Dar. Na wewe masomo hayakungoji.

Nataka nirudi kwenye kile chumba cha PlayStation, kwa sababu unasema mashini itakuzuia usiende. Itakuzuia kweli? Ulivyoandika, "nikishindwa nataka kulipiza", huyo wa kulipizwa ni mtu. Yuko pale ubaoni pembeni yako, anakutania, wenzake wanapiga kelele. Kompyuta haikutanii. Nimewaona vijana walionunua, wakacheza wiki mbili peke yao chumbani, kisha wakarudi pale pale mtaani, sasa na deni. Na nimewaona wengine ambao hawakurudi tena, wakatulia. Wewe ni yupi? Kipimo kipo, hakina gharama. Kaa wiki moja bila kupita pale, na usinunue kitu. Jiangalie unatamani nini. Ukitamani mchezo, mashini itakutosha. Ukitamani wale watu, hakuna GTX inayowauza.

Na yaya. Naziona njia tatu, kila moja na miiba yake.

Unaweza kumwambia yote kabla ya kununua. Kaa naye baada ya bukari (ugali), si sokoni mbele ya wateja, umwambie, "Yaya, nataka mashini ya masomo, na nataka iwe ya kuchezea pia, bei yake ni hii, na hofu yangu ni hii." Anaweza kukasirika. Anaweza pia kukuuliza maswali ya bei ambayo muuzaji hakuyategemea. Ukienda naye dukani, mimi namhurumia muuzaji.

Unaweza kununua kwa pesa yako, zile 380, kile unachotaka, na kumrudishia 180 zake. Inasikika safi, lakini nenda nayo polepole. Mkubwa aliyekupa pesa ya likelemba akirudishiwa anaweza kuona umemkataa, au kuna jambo unalificha. Kama ni njia yako, ipeleke kwa maneno ya shukrani, na umwachie nafasi ya kuamua yeye pesa hiyo iende wapi.

Au unaweza kununua kimya na kueleza baadaye. Wengi hufanya hivyo na maisha yanaendelea. Rafiki yako anaona pesa iliyopewa ni ya aliyepewa, na sheria labda iko upande wake. Lakini aibu unayoisikia ukijizoeza yale maneno hakuisikia yeye, umeisikia wewe. Iulize hiyo aibu inataka nini kabla hujaifunika na 3D.

Kuhusu avansi, muuzaji anayekuambia "Jumamosi au nampa mwingine" labda anasema kweli, labda ile mashini iko kwenye meza yake tangu Krismasi. Kabla ya kutoa hata dola moja, omba aiwashe ikiwa imechomekwa na ikae inafanya kazi nusu saa mbele yako, gemu likiwa wazi, usikie feni na uguse chini yake. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia kwenye sehemu ya utendaji, usome mwenyewe jina la prosesa, RAM, na kama kadi ya grafiki inaonekana kwa jina lake. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, upate taarifa inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo umebaki kiasi gani. Tazama wati zilizoandikwa kwenye chaja, maana mara nyingi chaja ya kweli ilibaki huko ilikotoka. Akikataa haya, umeshajibiwa bila kulipa.

Akikubali na wewe ukaamua kuweka avansi, risiti iandikwe jina la mashini na namba yake ya utambulisho (numéro de série) iliyo chini, kiasi ulichotoa, tarehe, na sentensi moja inayosema kama pesa inarudi usipoendelea. Wengi hapa mjini huandika kwamba hairudi, kwa herufi ndogo. Na hizo 100 zitoke kwenye zile 380 zako, mpaka utakapokuwa umeongea na yaya. Halafu kagua noti kabla ya kwenda. Iliyochanika hata pembeni kidogo hawataipokea, na hutaki kusimama pale ukibishana huku mtu mwingine anaijaribu mashini uliyoichagua.